Kasonia, Mchaguzi wa Maturubai

Kule mashambani karibu na Oicha, watu hawakununua turubai bila kumwita Kasonia. Bashi, kama wanavyoliita, ndilo uwanja wa kuanikia kakao: ukianika mbegu juu ya udongo zitanuka udongo, na mnunuzi atakunja pua. Majirani wakimfuata, Kasonia aliwachelewesha makusudi, maana alipenda kubembelezwa. Kisha alilipima turubai mkononi, akaliinua juani kutafuta matundu, akavuta pembe kwa nguvu zote hadi mwenye duka akapiga kelele. Pete za chuma zikilegea, aliliacha. Pindo likikosa kamba ndani, aliliacha pia, na hakuomba radhi.

La kwake mwenyewe alilifuata mpaka Butembo, zito kwelikweli, akalitunza kwa miaka tisa. Ole wake aliyelikanyaga na viatu au kulikunja likiwa bichi. Ésaïe, mwanawe wa pekee, alimtania kila msimu.

"Papa, weye unapenda hii bashi kupita mama."

Ésaïe aliuawa Machi mwaka jana, asubuhi, akivuna kakao, siku washambuliaji walipotoka msituni. Majirani sita walikufa naye. Seremala alikuwa amekwisha kukimbia na mbao za jeneza hazikupatikana. Kasonia alimwaga kakao chini, akalikung'uta turubai likatakata, akamfunga mwanawe ndani yake. Walimzika nyuma ya migomba. Kesho yake yeye na mkewe Hulda walishika njia ya Beni na sufuria moja na godoro.

Tangu siku ile wanaishi katika mtaa wa Beu, katika kiwanja cha Kavira, dada yake Kasonia, chini ya kibanda cha miti kilichofunikwa turubai jepesi. Hulda hakutaka kupanda hata mboga pale. "Musimu ikifika tunarudia kwetu," alisema, na msimu ulifika, ukapita, naye akaanza kuungoja mwingine. Kwake, kukaa Beni ni kumtupa Ésaïe porini peke yake. Kasonia alijua kwamba njia ya shambani haijafunguka na huenda isifunguke wakiwa hai. Lakini nani ana moyo wa kumwambia mama maneno hayo? Alinyamaza, na kunyamaza kulimkondesha.

Oktoba mwaka huu upepo ulilipasua turubai lile jepesi katikati, godoro likalowa chapachapa. Ikabidi waende sokoni wote wawili.

Muuzaji aliitwa Myriam, msichana mchangamfu aliyezungukwa na maturubai ya kila rangi. "Papa, ni ya kufunika nini?" aliuliza. "Na itakaa muda gani?"

Swali hilo Kasonia alikuwa amewauliza watu maisha yake yote. Sasa yeye ndiye aliyeulizwa.

"Miezi mbili tu," Hulda alimjibia. "Utupe ile nyepesi."

"Mama Ésaïe, ile itapasukia kwenye pete, upepo ya kwanza tu," alisema Kasonia.

"Ipasuke. Tutakuwa tumesharudia kwetu."

Kasonia aliweka mkono juu ya turubai zito. "Hapana, Mama Ésaïe. Haturudie sasa. Weye unajua, na miye ninajua."

Hulda alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Donc, unamuacha mutoto kule?"

Macho ya Kasonia yalijaa machozi. Myriam, ambaye hakujua habari yao, aliinamisha kichwa akajifanya anakunja bidhaa zake.

Hulda alinyoosha mkono akaligusa lile zito, polepole, akalifinya kati ya vidole. Lilikuwa la aina ileile ya lile la Butembo. Alimgeukia msichana.

"Binti, bashi ya hivi, ukiifukia ndani ya udongo, inaoza kisha miaka ngapi?"

Myriam alidhani mama ana shimo la kuhifadhia mazao, akafurahi kuulizwa kitu anachokijua.

"Mais Mama, jua ndiyo inakulaka bashi. Ndani ya udongo jua haifike. Itabakia kupita siye bote."

"Na maji?"

"Haipite, Mama. Hata tone moja."

"Hata mvua ya kwetu, ile kubwa?"

"Hata ile."

Hapo Hulda alilia, mbele ya wanunuzi, bila kujifunika uso. Mvua zote za mwaka ule na nusu alikuwa amezisikiliza akiwa macho, akimfikiria mwanawe analowa, na hakumwambia mtu. Kasonia alimshika bega, naye Hulda hakuuondoa mkono huo.

Alipomaliza kulia alijipangusa kwa kitenge. "Tukamate hii nzito, Papa Ésaïe," alisema. Alilibeba yeye mwenyewe kichwani mpaka Beu, wala hakukubali kupokewa.