Mtani wangu na mabibi wa supu

Leo nimeitwa mkatili pale stesheni Kilosa, na walioniita wamevaa soksi za mikono.

Ni mabibi wa Kizungu wa shamba la mkonge. Siku hizi wanajitolea kuwagawia supu wasio na makao.
Makao yenyewe kawanyang'anya nani? Waume zao.

Mzee Kasanda, Mnyamwezi, kakata mkonge wao mpaka mgongo umepinda. Nguvu zilipokwisha wakamtoa kambini. Analala barazani stesheni.
Supu yao haigusi. Nikimkaribisha kwangu, anasema yeye si ombaomba.

Basi leo nikamwendea.
"We maiti, unanuka. Lete huo mkeka."
Nikaubeba, nikaondoka zangu.

Bibi mmoja akanifokea, "Mama, huna huruma na mzee?" Wenzake wakadakia, "Mkatili!"

Huruma ndiyo anayoikataa, mwanangu. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Mtani akichukua chako huna kesi, unamfuata tu.

Akanifuata mpaka mlangoni.
"Mwizi wee. Leo nakula ugali wako mpaka ulie."
"Kula, mchawi, ufe umeshiba."

Sasa anakoroma chumba cha uani.
Mabibi bado wako stesheni na sufuria lao la supu, limejaa. Nyie mlioshiba, hebu jitoleeni mkawanywee.