Msikipe Kitunguu Kile Jina Langu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka damu inanichemka, na wa kumkasirikia simwoni mwingine ila mimi mwenyewe. Miaka zaidi ya arobaini nimeifungia kifuani. Nisingeifungua leo kama si mjukuu wangu Zuhura kunijia hapa Chamazi Jumamosi iliyopita na furaha yake.

Zuhura ni mtaalamu wa mimea. Kazi niliyoifanya mie ujanani kwa kubeba mizigo na kukausha majani, yeye kaisomea mpaka mwisho. Akaniamkia, akakaa mkekani, akafungua kompyuta yake hata chai hajaigusa.

"Babu, tumekipata!" akasema. Kitunguu pori, huko juu milima ya Uluguru, ambacho hakimo katika kitabu chochote duniani. Maua meupe yenye mstari wa zambarau, na ukilisugua jani lake linanukia kitunguu kabisa. Maelezo yake keshayaandika, limebaki jina tu, na jina likishachapishwa halifutiki tena. "Nimekipa jina lako, babu. Na sababu nimeiandika hapa. Tumechimba viwili tu, tukavitia maji yanayochemka kabla ya kuvikausha, kama ulivyotufundisha."

"Futa," nikamwambia.

Akacheka, akadhani namtania.

"Futa nimesema! Usinitie kwenye karatasi hiyo!" Kikombe kikapinduka. Mama yake akatoka mbio jikoni kuuliza kuna nini. Zuhura machozi yakamlenga. Ikabidi nimweleze, nawe nakueleza kama nilivyomweleza yeye.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, ndio kwanza nimeajiriwa kwenye jumba la kuhifadhia mimea iliyokaushwa hapa Dar. Kazi yetu ilikuwa hivi: unachimba mmea pamoja na mzizi na ua lake, unaulaza kati ya magazeti, unaubana baina ya fremu mbili za mbao na kukaza mikanda mpaka ukauke. Mmea mpya hauwezi kuandikwa bila kuwapo mmoja uliokaushwa vizuri, una ua lake, watu waje wautazame. Fremu zangu nilizichongesha kwa fundi wa Keko, mninga mtupu, na nilizibeba mgongoni kama askari na bunduki yake. Kichwa kilikuwa kimenivimba, mwanangu, acha tu.

Huko Uluguru mwenyeji wetu alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa makamo mwenye shamba la maharage ubavuni mwa mlima. Bosi alinituma peke yangu. Bi Mwanaidi akanipandisha mpaka kwenye mwamba mmoja wenye ufa, na ndani ya ufa vitunguu vile, kumi na viwili, vyote vimechanua. Yeye alikuwa akivitia kwenye mboga tangu utotoni. Mie nilijua vitabu vyetu havina kitu kama hicho, nikaanza kuliona jina langu limeandikwa.

"Chukua viwili," akaniambia. "Vingine viache vimwage mbegu. Halafu usivibane vibichi hivyo. Hiki hakifi kwa kubanwa. Mie nikikiweka kwenye kichanja cha jikoni bila kukitokosa, mwezi mzima kinachipua tu. Kitie maji ya moto kwanza."

Unajua nilimjibu nini? Lo, naona haya hata kulitamka. Nilimwambia, "Mama, mie nimefundishwa kazi hii. Wewe shughulika na sufuria zako."

Hakugomba. Alinitazama, akachukua jembe lake, akasema, "Haya, mwenye elimu," akatangulia kushuka. Nami nikavichimba vyote kumi na viwili. Vyote! Sikubakiza hata cha dawa.

Wiki tatu baadaye, nilipomaliza safari na kurudi Dar, bosi ndiye aliyefungua mikanda mbele ya wenzangu wote. Vitunguu vilikuwa hai. Vilikuwa vimechipua humo humo ndani ya magazeti, machipukizi meupe yamejikunja yakitafuta mwanga, na maua yamepukutika yakageuka unga na ukungu. Vingine vimeoza, vinanuka. "Ua liko wapi?" bosi akauliza. Halikusalimika hata moja.

Hapo ningeweza kusema ukweli. Ningefokewa, yangeisha. Badala yake nikasema, "Yule mama wa kule ndiye aliyenipa, maua yameshanyauka. Mie sikuvichimba mwenyewe." Uongo mtupu, na ulinitoka bila hata kigugumizi! Bosi akapandwa na hasira, akalikata jina la Bi Mwanaidi kwenye orodha ya wenyeji wetu, na kijijini wakaambiwa sababu.

Mwaka uliofuata nikarudi. Ufa ule ulikuwa mtupu, hata udongo umesombwa na mvua. Bi Mwanaidi akanikaribisha vilevile, akaniwekea ugali na maharage, akanisubiri nile nishibe. Ndipo akauliza, "Mwanangu, nilikukosea nini?"

Nami, mwanamume mzima, nikanawa mikono, nikamwambia nachelewa gari. Miaka michache baadaye nikasikia amefariki.

Na bado sijamaliza. Tangu siku zile kila kitunguu pori nilichokishika nilikitia maji ya moto kwanza, na wanafunzi wakija jumbani nikawafundisha hivyo. Wakiniuliza nimejulia wapi, nawajibu, "Uzoefu." Uzoefu! Uzoefu gani, mzee mzima huna haya? Nilimharibia mama wa watu jina lake, kisha nikamwibia na maarifa yake. Zuhura naye alijifunza kwangu hayo hayo tangu mdogo, na sasa ananiletea heshima isiyo yangu mpaka mkekani kwangu.

Alipokwisha kusikia, alijifuta machozi, kisha akalifuta jina langu nikimwona. Akaweka vidole tayari. "Basi kitaitwa kwa jina lake. Bi Mwanaidi binti nani, babu?"

Nilikula kwake, nililala kwake, nikamsingizia, wala siku moja sikuwahi kumuuliza baba yake ni nani. Zuhura akanitazama, na safari hii hasira ilikuwa yake. "Miaka yote hiyo, babu? Hata hilo hukumuuliza?" Nikainamisha kichwa.

Alhamisi tunapanda Uluguru, mie na magoti yangu haya. Nasikia wanawe wapo. Zuhura atawauliza jina kamili la mama yao na kuwaomba ruhusa ya kulitumia. Lakini kabla hajafungua mdomo nitasema mie niliyoyafanya, mbele ya majirani walioaminishwa uongo wangu. Wakinifukuza wana haki, nitashuka nilivyopanda.

Basi nisikilize, na usiangalie simu ninaposema nawe. Mtu akikuonyesha njia, muulize jina lake siku ile ile, uliandike kabla ya lako. Akikueleza habari ya kitu alichokila tangu utotoni, funga mdomo umsikie, hata kama vyeti vyako vimejaa ukuta mzima. Usichimbe vyote, jamani, nani kakwambia mlima ni wako? Na ukiharibu, sema umeharibu wewe. Mimi niliulizwa kwa upole, sahani ya mwenye kuuliza iko mbele yangu, nikashindwa kusema maneno mawili tu, "Nisamehe, mama." Sasa nakwenda kuyasema kwa watoto wake, yeye hayasikii.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri kosa, mwanangu, na akuepushe na sifa za mwenzio. Akufikishe kwenye milima niliyoichafua mimi, uikute imechanua. Na ukikiona kitunguu kile kwenye ufa wa mwamba, usinitaje mimi. Mtaje aliyekuwa akikipika.