Barua Niliyoiacha Bila Kuituma

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "lisemwalo lipo", damu inanichemka. Ofisini kwetu Nachingwea walimmaliza mtu kwa maneno hayo.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili. Chama chetu cha wakulima wa korosho kilipata kompyuta ya kwanza, nami nikaajiriwa kuiendesha. Kila wiki tuliliandikia tawi la Ruangwa barua pepe kulijulisha lori litapita kijiji gani na siku gani. Na kila lori lilipofika, walanguzi wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo wa bei ya kutupa, walikuwa wameshapita jana yake na mizani zao, wamewaambia wakulima kwamba lori la chama haliji tena, na korosho zimekwenda.

Mwenyekiti akasema siri inatolewa na katibu muhtasi wetu, mama mmoja wa Lionja aliyenilea kikazi kama mwanawe. Ushahidi? Anacheka sana na watu sokoni. Wakamsimamisha kazi, kisha wakamtangaza kwenye mkutano mkuu, mbele ya wakulima wote. Watu wazima na kofia zao, wanamhukumu mtu kwa kucheka!

Mimi nililishuku sanduku la barua lenyewe. Tulifunguliwa na mwenye duka la intaneti pale mjini, na neno la siri alilichagua yeye. Nikaomba tulibadilishe. Mwenyekiti akaniangalia kama nimemtukana.

"Mtu katusaidia bure, leo tumbadilishie kitasa? Atatuonaje?"

Huo ndio uungwana wetu. Kumfungia mlango aliyekufadhili ni utovu wa adabu, lakini kumvunjia heshima mama wa watu hadharani, hilo halina neno.

Nikaandika barua kwamba Alhamisi lori litakwenda Marambo. Lori halikuwa na safari hiyo. Barua sikuituma; niliiacha humo humo kwenye sanduku na sikumwambia mtu. Angeijua yule tu anayeingia kupekua. Jumatano nikaazima baiskeli nikaenda Marambo, nikawakuta walanguzi wametundika mizani kwenye tawi la mkorosho, wanawaambia watu kwamba lori la kesho limeahirishwa.

Nilirudi ofisini, nikaeleza yote mbele ya wajumbe. Mwenyekiti akaniuliza kwanza nani alinipa ruhusa ya kuandika barua ya uongo kwa jina la chama.

Neno la siri likabadilishwa kimya kimya, na walanguzi hawakututangulia tena. Mwenye duka hakuguswa. Mama akaitwa chumbani kwa mwenyekiti, akaambiwa yamekwisha, arudi kazini.

"Mzee, mlinisema mkutanoni," akasema. "Nisafisheni huko huko."

"Tusifukue makaburi, mama. Itakuwa aibu kwa chama."

"Na yangu?"

Akachukua mkoba wake akaenda kwao kulima ufuta, na mkutano mkuu ukaitishwa mwaka baada ya mwaka bila jina lake kutajwa.

Alipofariki nilikwenda Lionja kuzika. Tumekaa na wanaume wenzangu, mmoja akamweleza jirani yake marehemu alikuwa nani: yule wa chama, aliyewauzia walanguzi siri. Nikasimama, nikaanza kueleza kwa sauti ilivyokuwa. Wakanishika mikono, wakaniketisha, wakanisihi nisivuruge msiba.