Kiraka cha Pasaka

Smaranda Ciobotaru alikuwa mama wa miaka hamsini na moja, na kila Juma Kuu alihangaikia jambo moja: pensheni za wazee wa mji wake, Iași. Benki aliyofanyia kazi ilizilipa kwa programu huria, ile ambayo yeyote duniani huichukua bure akaitengeneza apendavyo. Lakini walioiandika walikuwa watu wa magharibi, na Jumatatu ya Pasaka waliyoijua ni ya kwao. Ya Wakristo wa Kiorthodoksi, kama watu wa Iași, ambayo miaka mingi huja baadaye, programu iliihesabu siku ya kazi. Malipo yalitumwa kwenye milango iliyofungwa, yakarudi, na wazee wakala sikukuu kwa macho.

Yeye ndiye aliyeshona kiraka, yaani mistari michache ya programu ya kurekebisha kosa hilo. Desturi ya programu huria ni kwamba ukitengeneza kitu unakirudisha kwa wenyewe, kiingie kwenye toleo lijalo. Mkuu wake, Bwana Pârvulescu, hakutaka kusikia: kilichoandikwa benki ni mali ya benki, anayekitoa nje akatafute kazi nyingine. Basi kila toleo jipya lilifuta kiraka, na kila mwaka Smaranda alikishona upya, kisha akajiuliza njia nzima ya kurudi nyumbani kama hakusahau kitu.

Mwaka huu walimhamishia idara ya kadi, kuanzia Mei. Alhamisi Kuu, mayai ya kupaka rangi yakimsubiri nyumbani, alikwenda kumuuliza mkuu nani atashona mwakani.

"Mwakani mbali, mama," alisema Bwana Pârvulescu, akifunga mkoba. "Nenda kapake mayai yako."

"Mayai yatapakwa. Mimi nakuuliza habari za wazee."

"Na mimi nakwambia usinitafutie balaa sikukuu hii."

Alirudi mezani akichemka. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Alikuwa na binti chuoni na mshahara mmoja tu. Mwishowe hasira ilishinda hofu, akafungua ukurasa wa wazi ambako watengenezaji huletea kazi zao, ili apeleke kiraka chake.

Kilikuwepo tayari. Mworthodoksi wa Thesaloniki, Lazaros Vafiadis, alikileta miaka sita iliyopita, karibu sawa na chake. Wenye programu walimjibu kwa adabu kwamba hakiingii mpaka mtumiaji wa pili athibitishe kuwa kinafanya kazi. Hakutokea mtu. Tangu hapo Lazaros aliandika mstari mmoja kila Pasaka. "Jamani, hakuna mwingine mwenye shida hii?" Kisha: "Bado nipo. Hakuna mtu?" Mwaka jana: "Basi labda ni mimi tu."

Smaranda aliona aibu hadi masikio yakamuwaka. Miaka yote hiyo neno lake moja lingetosha. Alikijaribu kiraka cha Lazaros palepale, kikafanya kazi, akaandika:

"Si wewe tu, ndugu yangu. Hata sisi huku Iași. Kinafanya kazi."

Akaweka jina lake kamili, na la benki. Kisha, kabla hajaambiwa akatafute kazi nyingine, akaanza kukusanya vitu vyake mezani.