Siku ya Ishirini na Nane ya Winny

Binti yangu Winny alikuwa mwaka wa pili chuoni Kabianga wakati Bwana alipomwita baba yake, Bethwel, mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa bado sitoki nyumbani kwa sababu ya matanga, na wadogo zake wako shule. Kwa hiyo Winny ndiye alikamua, ndiye alichuma chai, ndiye alisimama sentaa ya kupimia majani kungoja lori la kiwanda. Hakuna aliyemwambia aache masomo. Hakuna aliyemwambia arudi pia.

Mwezi wa sita alijiunga na shindano la kwenye simu la kufundisha watu kutengeneza app, yaani programu ya simu, kwa AI, ile akili ya mashine. Kila siku unapewa kazi moja. Unaieleza AI unachotaka, inaandika, unajaribu, unarekebisha. Ukimaliza unapata nyota, na namba kando ya picha ya moto inapanda. Ukikosa siku moja, unarudi sufuri. Siku yao hufungwa saa nne asubuhi kwetu, kwa hiyo alifanya baada ya kukamua, kabla ya kuchuma. Waliofikisha siku thelathini bila kukosa wangeitwa Nakuru kwa mafunzo na kazi. Hayo yote niliyajua baadaye.

Jirani yetu Rodah, wa maombi ya akina mama, alimkuta siku moja ameinamia simu.

"Wewe msichana, siku hizi simu ndiyo inakuchumia majani?"

"Bado, anti. Lakini nikimaliza itakuambia lori limefika wapi, usinyeshewe bure."

"Mimi lori nalisikia kwa masikio yangu!"

Walicheka. Lakini Rodah alipotoka aliniita kando. "Mama Winny, nimeona nyota, nimeona moto na namba zinapanda. Hiyo ni kamari. Unajua kijana wa Chepilat aliuza ng'ombe wa mamake hivyo hivyo."

Nilikuwa nimezika mume. Niliogopa kupoteza na mtoto. Asubuhi iliyofuata Winny akiwa kwa ng'ombe, nilichukua simu nikaifungia ndani ya sanduku la nguo za Bethwel, nikapiga magoti.

"Mama, umeona simu yangu?"

"Kachume chai kwanza."

Alinitazama, akajua. "Mama, tafadhali. Leo ni ya ishirini na nane. Inafungwa saa nne."

"Mungu hashindwi na saa nne."

"Si kamari, mama. Ni masomo. Keti nikuonyeshe."

Sikuketi. Niliimba wimbo wa tenzi kwa sauti ili nisimsikie. Alisimama mlangoni mpaka saa nne ikapita, ndipo akaenda shambani.

Mchana nilimpa simu yake. Aliiwasha, akanionyesha sufuri. Kisha akanionyesha app yenyewe, na majina ya akina mama wa sentaa yetu. La Rodah lilikuwa la kwanza, langu la pili.

"Waandikie wenye shindano," nikamwambia. "Waambie ni mimi nilikosea, si wewe."

"Hakuna mtu huko, mama. Ni mashine inahesabu."

"Basi anza tena."

"Nafasi za Nakuru zinajazwa wiki hii."

Nilimwomba msamaha, mimi niliyemzaa, nikiwa nimesimama mbele yake kama mtoto. Aliizima simu, akaitia mfukoni. Halafu akauliza kama ng'ombe wameshakunywa maji.