Wageni wa Bi Mwanamina

Kibiti ina kina mama wengi hodari wa kufagia, lakini Bi Mwanamina si mmoja wao, na wala haoni haya. Uani kwake mchanga huuoni. Unaona bamia, mchicha, maboga yaliyotambaa hadi juu ya paa la jiko, pilipili kwenye sufuria iliyotoboka, na mpapai ambao papai lake la juu kabisa halichumwi. Hilo ni la ndege, na ole wake atakayeligusa.

Alikulia Mohoro, huko akalima mlau, kilimo cha kuyafuata maji ya mafuriko yanaporudi mtoni: leo unapanda pale tope lilipoanza kushika, kesho hatua mbili mbele. Alipohamia Kibiti, kwenye nyumba aliyojengewa na mwanawe Badru, hakukuta mto. Basi akajitengenezea mlau wake. Maji ya kuoshea vyombo anamwaga hapa, ya kuoshea mchele pale, na yanapoanza kukauka anachomeka mbegu. Mwanamke yule ana akili, jamani! Maua ya migomba aliyoipanda kando ya ukuta yakaleta chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mrefu. Vipepeo wakafuata, na vyura wakaja wenyewe bila mwaliko.

Tatizo ni kwamba vyura nao walimleta nyoka. Alikuwa mmoja tu, mwembamba, hana makuu, lakini jirani Zuena alimwona, akakimbilia simu. "Badru mwanangu, mama yako anaishi porini."

Siku ya tatu Badru akatua kutoka Dar na mifuko ishirini ya sementi, pamoja na fundi Mwinjuma. Alitaka ua wote usakafiwe, ukuta hadi ukuta.

"Mama, umelima vya kutosha. Sasa upumzike, ukae pasafi."

Bi Mwanamina aliitazama ile mifuko. Kumkatalia mwana zawadi mbele ya fundi ni kumwaibisha. Kuikubali ni kuizika bustani yake huku anaiona. Alitamani kulia, akajikaza.

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie. Ila ningojeni kwanza niswali alasiri."

Adhana ilipoadhiniwa alichukua kopo la maji, akaketi juu ya jiwe katikati ya bamia, kwani kwake hata maji ya udhu hayapotei bure. Hajamaliza kuosha mikono, ndege wakaanza kushuka, kwanza tetere wawili. Wakafuata shore, wakafuata mnana na umanjano wao, wote wakajipanga kando ya kijifereji kilichoanzia kwenye lile jiwe, kusubiri maji yawafikie. Chozi mmoja akajiogesha kwenye jani la boga lililorukiwa na matone. Bi Mwanamina akaosha miguu taratibu, akiwasemesha: "Haya, msigombane. Yatafika."

Fundi Mwinjuma alikwishashika koleo. Akaliweka chini.

Badru alikuja akachuchumaa nyuma ya mama yake. "Mama," akanong'ona, "hawa huja kila siku?"

"Kila sala," alijibu bila kugeuka. "Wewe huja Idi."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana ilimchoma. Badru alikuwa ameleta sementi ili mama apumzike, asijue kwamba tangu baba yake afariki, hao ndio waliokuwa wakimwondolea mama upweke. Aliona aibu, na ilimstahili.

"Fundi," alisema hatimaye, "hiyo sementi ipeleke chooni na barazani. Huku tusiguse."

"Na nyoka je?" fundi akauliza.

"Tutafyeka karibu na mlango," akadakia Bi Mwanamina. "Yeye hana shida na mtu, anatafuta vyura wake."

Badru alikuwa arudi Dar jioni ile ile. Akaliomba kopo, akakaa juu ya jiwe naye atawadhe. Ndege wote wakaruka purr, hawamjui! Bi Mwanamina akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Watakuzoea, baba," akamwambia. "Ukikaa."