Mwanga Uliomwosha Bibi

Jumamosi ile asubuhi nilitoka Temeke bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na begi moja lenye kamera, flashi, suruali mbili na bahasha ya picha ambayo sikutaka kuitazama tena. Ufunguo wa studio niliuacha juu ya mashine ya kuchapishia. Sikuaga. Mie niko hivyo tangu nilipoacha shule kidato cha pili: mahali pakinishinda, miguu hutangulia, sababu hufuata nyuma. Safari hii sababu ilikuwa kinyaa.

Studio yetu ilinuka poda, jasho na krimu ya keki. Ukutani palikuwa na shuka jeupe lenye doa la kahawia pale walipoegemeza vichwa wateja wa miaka yote, kichwa juu ya kichwa, na hakuna aliyewahi kulifua. Lakini kilichonikera zaidi kilikuwa kikombe. Ndivyo tulivyokiita kile kifuniko cha plastiki nyeupe kinachovalishwa flashi ili mwanga utawanyike. Flashi ilikuwa yangu na kikombe kilikuja nayo. Kilikuwa kimegeuka manjano, kimejaa alama za vidole vya wapambaji, na bosi alikuwa akikifuta kwa mate.

Kila mteja tulimpiga kwa kikombe hicho, flashi ikimtazama usoni, nguvu imefunguliwa mpaka mwisho. "Ongeza mwanga," bosi alisema. "Mteja hataki picha, anataka weupe." Nami niliongeza. Maharusi weusi wa Mbagala walitoka mikononi mwangu na nyuso kama mayai ya kuchemsha yaliyomenywa, shingo zikiwa za watu wengine.

Kisha ikaja sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa jirani. Bibi yake alikuwa amesafiri kutoka Newala, Mmakonde wa zamani mwenye nembo usoni: mistari ya pembepembe mashavuni na kwenye paji, iliyochanjwa kwa kisu na kusuguliwa mkaa alipokuwa msichana, ikavimba na kubaki hivyo. Aliniita pembeni kabla ya chakula.

"Mjukuu wangu, mie sina picha hata moja. Nipige, nembo zionekane. Nikiondoka wajue nilikuwa nani."

Nilimpiga. Mpambaji alikuwa amekwisha kumpaka poda, nami nikatumia kikombe kama nilivyozoea. Mwanga unaotoka mbele hauachi kivuli, na alama iliyovimba ikikosa kivuli haionekani kwa jicho. Hilo nililijua vizuri. Mkono ulifanya kazi, akili ilikuwa kwenye pilau.

Nilipompelekea picha, aliishika mbali, akaileta karibu.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mie?" Akaigeuza, akatazama na mgongoni. "Mbona kama ameshaoshwa? Bado kuzikwa tu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinirudishia bahasha yangu. "Nakwenda Tegeta kwa mwanangu mchonga vinyago. Jumapili narudi Newala, na kwa miguu hii sidhani kama nitakuja tena huku. Ukiupata uso wangu, niletee."

Nilipomweleza bosi, alisema, "Tena tumemsaidia. Wenzake wanalipia kufutwa makovu." Nikatazama vidole vyangu vilivyobonyeza, nikavifuta kwenye suruali.

Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia asubuhi ile. Jua lilikuwa limepanda nilipofika Kinondoni, nikajikuta nimesimama mbele ya duka la vifaa vya kamera. Sikuwa nimelitafuta. Ila sijawahi kupita kitu nisichokijua bila kuingia kukiuliza.

"Karibu braza," alisema muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye ukucha mrefu wa kidole cha mwisho. "Unatafuta nini?"

"Kitu cha kuvalisha flashi, alama za uso zionekane."

"Zisionekane."

"Zionekane."

Alinitazama. "Chunusi?"

"Nembo. Za Kimakonde."

"Ah, kaka, hiyo si ishu ya taa. Mwambie apake poda."

Akaanza kunipangia mali juu ya kioo kama muuza nyama. Kwanza softiboksi, lile boksi la kitambaa linalolainisha mwanga. Kitambaa chake cha ndani kilikuwa na doa la krimu ya uso wa mtu. "Hii inameza yote. Makunyanzi, makovu, mpaka dhambi." Kisha mwavuli wa rangi ya fedha. "Huu unang'arisha. Mteja akiingia mweusi, anatoka chotara." Kila alichonishikisha alikisifu kwa weupe. Nikahisi nimeingia duka la mkorogo wa kujichubua.

Nilikunja mkono wa shati. Nina kovu refu la bati, la zamani zile nilipokuwa kibarua wa kuezeka. Nikaweka mkono juu ya meza na kuupiga kwa kila kifaa, kimoja baada ya kingine, nikitazama kwenye kioo cha kamera. Kwa kikombe changu, kovu halipo. Kwa softiboksi, limefifia. Kwa mwavuli, mkono wote umekuwa kama wa maiti.

"Kile nini?" Chini ya boksi la vitu vibovu palikuwa na kisahani cheusi chenye matundu mengi madogo.

"Sega? Limekaa hapa mpaka panya wamelichoka. Linabana mwanga, linatoa vivuli. Mteja atakupiga, kaka."

Nikalivalisha. Nikaitoa flashi juu ya kamera, nikaiunganisha kwa waya wake, nikaishika ubavuni mwa mkono wangu. Mwanga ukapita juu ya ngozi kama jua la alfajiri juu ya matuta ya mihogo. Kovu likasimama, kila mshono peke yake.

Tulibadilishana: sega likawa langu, kikombe kikawa chake. Alikinusa. "Hiki kinanuka nini?"

"Mate."

Akakifuta kwa shati lake na kukipanga ndani ya kabati la kioo, pamoja na vipya. Nikatoka haraka.

Tegeta sikuwa nimewahi kufika. Niliuliza nyumba ya Mmakonde mchonga vinyago, nikaelekezwa, na karibu na mwisho nikafuata mlio wa patasi. Kibarazani vichwa vya mpingo vilikuwa vimepangwa vikisubiri watalii, vyote na nembo usoni. Bibi alikuwa amekaa katikati yao. Mjukuu wake, yule wa sendofu, alikuwa akimfungia mizigo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeniletea uso wangu?"

"Nimekuja kuuchukua."

"Basi ngoja niunawe."

Binti akanifuata. "Kaka, usimpige hivyo. Mie mwenyewe nilimwambia bosi wako azifute. Mtandaoni watamcheka."

Bibi alisimama na maji yakimchuruzika kidevuni. "Wewe ndiye uliyemwambia?"

Binti akainama.

"Hawa wa mpingo baba yako mdogo anawauza na nembo zao, Wazungu wanawapakata kama watoto. Uso wangu mie ndio wa kuchekwa? Niliolewa kwa uso huu, babu yako akauza ng'ombe alipe mahari." Akamvuta mkono. "Njoo ushike taa. Si ulitaka mwanga? Shika."

Binti akashika flashi ubavuni mwa bibi yake. Nilipiga. Bibi akaomba kamera, akaweka kidole kimoja shavuni na kingine kwenye kioo, akavipitisha vidole vyote viwili mstari kwa mstari.

"Huu wa karibu na sikio umepotea."

"Ni kivuli, bibi."

"Kivuli chako hicho. Rudia."

Nilirudia mara nne. Ikaja ya tano. Aliishika kamera mpaka kioo kikazimika chenyewe, akaniomba nikiwashe tena.

Mwenye mashine ya kuchapisha wa pale Tegeta alikuwa amefunga hadi Jumapili mchana. "Basi la kesho liondoke na wengine," bibi alisema. "Sipandi bila karatasi mkononi."

Mwanawe mchongaji akanionyesha chumba cha uani cha kulala, kisicho na plasta, nusu yake imejaa magogo. Kitanda kiliyumba mguu mmoja. Nikauliza kama kuna kipande cha ubao cha kukiwekea.

"Ubao wa nini?" bibi alisema kutoka mlangoni. "Mkunje huyo marehemu wako wa kwenye bahasha, mweke hapo chini. Atakitosha."

Nilimkunja mara nne. Kitanda kikatulia.